Sauti ya Mama na Kitufe cha "Baadaye"

Kwa muda wa miezi kumi na minne simu ya marehemu mama yetu, Mungu amrehemu, ilikaa kabatini ikiwa imefungwa ndani ya leso yake. Kila Ijumaa baada ya alasiri sisi binti zake watatu tuliitoa, tukaitia chaji, tukakaa ukumbini kusikiliza sauti alizotuachia: namna ya kuumua unga wa mahamri, salamu kwa wajukuu, na ile ndefu aliyomwombea dua ndugu yetu siku aliposafiri kwenda Doha kutafuta riziki.

Mara kwa mara kioo kilituonyesha kwamba sasisho liko tayari. Nasi tukabonyeza "baadaye". Dada yetu mkubwa alikwisha kutoa amri: "Asiiguse mtu. Zikifutika, mama tutamsikia wapi tena?" Hatukumbishia, kwani hofu yake ilikuwa hofu yetu.

Ijumaa moja programu ya ujumbe ilikataa kufunguka. Ilitwambia kwamba toleo lile limepitwa na wakati, na hatuna budi kulisasisha. Tukatazamana, asiwepo wa kusema neno. Tuliloliogopa lilikuwa limetufikia kwa sababu ya kule kuliogopa.

Tulimwita mwana wa dada yetu, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu. Hakusasisha kitu mwanzo. Aliiunganisha simu na kompyuta kwa waya, akanakili sauti zote, kisha akatufungulia moja baada ya moja tuzisikie. Sauti ya mama ilipojaa chumba, dada mkubwa alijifunika uso kwa mtandio wake. "Sasa, mama zangu," kijana akasema, "sauti ziko mahali pawili. Tunaweza kuendelea."

Simu ikisasishwa, alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Sasisho husafiri kwa intaneti kutoka kwa mtengenezaji hadi ndani ya simu, pasipo haja ya kuipeleka dukani. Kabla ya kulipokea, simu huukagua muhuri wa kidijitali wa mtengenezaji, ili mgeni asijifanye mwenyeji. Tena, tangu toleo la 7 la Android, mwaka 2016, simu zaweza kuundwa zikiwa na vyumba viwili vya mfumo: kipya huandikwa katika chumba kilicho kitupu huku cha zamani kikiendelea na kazi. Kipya kikishindwa kuwaka, simu hurejea katika kile cha zamani.

"Na kama simu yafanya kazi vizuri, yataka nini tena?" tukamuuliza.

Akatukumbusha tukio la Mei 2019. Mwezi huo WhatsApp ilitangaza kwamba imeziba tundu ambalo kwalo programu ya kijasusi iliweza kupenyezwa ndani ya simu kwa kupigiwa tu, hata mwenyewe asipopokea. Watumiaji wote waliombwa wasasishe. Aliyebonyeza "baadaye" aliuacha mlango wake wazi baada ya kufuli kuletwa barazani.

Tangu siku ile tumejiwekea kanuni, nasi twaziweka mbele ya kina mama wenzetu. Nakili kwanza picha na sauti mzipendazo, ndipo msasishe. Hakikisheni simu ina chaji ya kutosha, wala msiizime kazi ikiwa katikati. Sasisho litafuteni ndani ya mipangilio ya simu au katika duka rasmi la programu. Kiungo kinacholetwa kwa ujumbe, kikidai kwamba simu itafungwa usiku huu, msikibonyeze, hata kama kimetumwa na jamaa. Na mkinunua simu, ulizeni itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani, kwani nyingi huachwa na watengenezaji wake baada ya miaka michache.

Tulidhani kuitunza amana ni kuifungia kabatini na kutoigusa. Kumbe twalikuwa tukiiacha ichakae mikononi mwetu. Leo kila mmoja wetu anazo sauti za mama, na ndugu yetu wa Doha tumempelekea dua yake. Simu ingali ndani ya leso. Ila sasa kioo kikituita, hatubonyezi tena "baadaye".