Kabati la bibi wa watu

Najua nimekuwa kimya. Mitihani, halafu baridi, halafu uvivu, kwa mpangilio huo huo. Leo nina stori ya kabati, msinicheke.

Wengi mnajua mwenzenu niko Osaka kwa mwaka mmoja. Hapa chuoni Kiswahili kinafundishwa, na nina rafiki yangu Mjapani anayekisoma. Bibi yake alifariki mwezi wa pili, huko Nara, na Jumamosi akaniomba nikamsaidie kutoa vitu. Nyumba inauzwa.

Chumba cha nyuma tukakuta kabati la droo, lile wanaloita tansu. Refu kunizidi, mbao za rangi ya uji, vishikio vya chuma cheusi. Ubavuni limeshabandikwa stika. Huku kitu kikubwa hukitupi hivi hivi: unanunua stika, unabandika, unakitoa nje siku ya gari. Yaani unalipa ili utupe kabati! Rafiki yangu akaniambia kwa Kiswahili chake cha darasani: "Kabati hili halina mtu."

Nikafungua droo moja. Harufu ya dawa ya nondo, karatasi za kufungia kimono, basi. Nilipoisukuma kuifunga, droo ya chini yake ikatoka yenyewe, taratibu. Niliruka jamani! Wakacheka mpaka mama yake akaja kuangalia. Nami mtu wa Fizikia nikaona aibu, maana ni hewa tu. Fundi amezibana droo kiasi kwamba hewa haina pa kupitia, ukisukuma hii inaisukuma nyingine. Nilirudia kama mara kumi. Ningekuwa nalo kule BTP, Kidato cha Kwanza wangeelewa presha siku hiyo hiyo bila mimi kukauka koo.

Mbao yenyewe inaitwa kiri. Ni nyepesi ajabu, na unyevu ukizidi inavimba kidogo, droo zinakaza, nguo zinabaki kavu. Watu husimulia makabati yaliyomwagiwa maji nyumba ikiungua, nje yakawa mkaa na kimono ndani zikapona. Tena mti wenyewe hukua haraka. Zamani binti akizaliwa walikuwa wanapanda kiri, akifika umri wa kuolewa unakatwa, anatengenezewa kabati la kwenda nalo kwa mume. Bibi huyu naye aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na kabati hili.

Kuna mengine yana sifa mbaya. Mwaka 1657 Edo, ndiyo Tokyo ya leo, iliteketea kwa moto wanaouita wa Meireki, na inakadiriwa walikufa watu kama laki moja. Enzi hizo kulikuwa na makabati makubwa ya magurudumu. Kila mtu akatoka na lake barabarani, njia zikaziba, watu wakanaswa katikati. Baadaye yakapigwa marufuku kwenye miji mikubwa.

Yanayopendwa siku hizi kwenye majarida ya mapambo ni ya matajiri: la ngazi, lenye droo chini ya kila kipandio (wanalipanga vitabu na maua), la duka la dawa lenye vidroo chungu nzima, la nahodha lenye sehemu za siri za kufichia fedha. Hayo Wazungu wanayanunua kwa bei mbaya. La bibi harusi, la kawaida, hata duka la mitumba walikataa kuja kuliangalia. Kimono zenyewe havaliwi kila siku, na nyumba mpya zina makabati ya ukutani.

Hapo mwenzenu nikaanza kumhukumu mama wa watu kimoyomoyo. Nikamwuliza kwa adabu zote, hivi kweli mnalitupa? Akasema mwezi wa kwanza mwaka 1995 alikuwa Kobe. Tetemeko lilikuja alfajiri watu wamelala, na jirani yake aliangukiwa na kabati. Tangu hapo chumbani kwake haweki kitu kinachomzidi urefu.

Nikanyamaza. Mimi nami nina langu. Bibi yangu Pangani alikuwa na sanduku la misumari ya shaba. Nikiwa Kidato cha Pili nikarudi likizo, nikakuta pale lilipokuwa sakafu ina rangi tofauti. Dalali alikuwa ameshalichukua. Ada yangu ya muhula ule ilitoka hapo. Bibi hajawahi kunitajia, na mimi sijawahi kumwuliza.

Basi bwana, tukalibeba. Tulipolinyanyua tu, likaachana! Kumbe ni vipande viwili vimepandanishwa, yametengenezwa hivyo ili yabebeke. Kipande cha chini kinanifika kiunoni. Rafiki yangu akamtazama mama yake. Mama akalizunguka, akakisukuma kile kipande kwa goti kuona kama kinayumba. Halafu akaanza kuibandua stika kwa ukucha, na ilikuwa imeshika kweli kweli.

Cha juu kipo kwa rafiki yangu, kimebeba televisheni. Cha chini nimeazimwa mimi hapa bwenini mpaka nitakaporudi nyumbani. Senshu, kusini mwa Osaka, bado wapo mafundi wa kiri, na kabati chakavu likipigwa randa juu juu linakuwa kama jipya. Bei yake siyo ya mwanafunzi, kwa hiyo nalifuta na kitambaa kikavu.

Droo ya juu nguo, ya kati madaftari, ya chini unga na maharage. Leo asubuhi nimefunga ya soksi, maharage yakachungulia. Nina kipindi saa tatu, ngoja nikimbie.