Simu Chini ya Mto

 Nimeona niwashirikishe jambo lililotupata nyumbani kwetu hapa Kamachumu, huenda likamfaa mzazi mwenzangu.

Usiku mmoja wakati wa likizo nilirudi kutoka zamu nikamkuta binti yangu wa miaka 14 amelala, simu iko chini ya mto. Ililia. Nikaitazama. Mtu mmoja alikuwa akimwomba kwa WhatsApp picha ambayo msichana hapaswi kupigwa, naye akimwahidi vocha.

Nilimwamsha kwa ukali, nikamgombeza mpaka majirani wakasikia. Simu nikaifungia kabatini. Nilidhani nimemaliza kazi.

Wiki iliyofuata, tukimenya ndizi, bibi yake aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto hali chakula. Umemfunga mdomo."

Maneno hayo yalinichoma. Mgonjwa akija na kidonda, mimi simgombezi. Namwuliza kinauma wapi. Kwa nini mwanangu nilimtendea tofauti? Nilimwita migombani, nikamwomba msamaha. Alilia sana. "Mama, nilitaka kukuambia tangu siku ya kwanza. Niliogopa utaninyang'anya simu." Picha hakutuma. Mtu yule hakuwa mgeni: tulimfahamu, naye hutusalimia kwa heshima njiani.

Basi ujumbe ule hatukuufuta, kwa sababu ni ushahidi. Tuliupeleka polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Mzazi anaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Kisha tulikaa pamoja na simu. Tuliweka picha yake ionekane na watu anaowafahamu tu, tukazuia asiingizwe ovyo kwenye makundi, na akanionyesha jinsi ya kumfungia mtu asiyefaa. Mdogo wake wa miaka 10 tulimwambia asubiri, maana WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zote zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13. Usiku simu zote, pamoja na yangu, zinalala sebuleni.

Hilo la yangu lilikuwa gumu! Lakini nitamkatazaje mtoto ninachokifanya mwenyewe?

Katika vikao vya akina mama kanisani nimefundisha Mithali 22:6 mara nyingi. Sasa naona kwamba kulea ni pamoja na kuwa mtu ambaye mtoto anaweza kumkimbilia akikosea. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hizi ulimwengu umo ndani ya simu.

Mama mwenzangu, leo jioni usianze kwa kumpekua mwanao. Keti naye, mwulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Mungu atusaidie.