Shangazi kitandani, dereva chini, mimi kwenye usukani!

Haya wapenzi wa safari, leo tunaweka pembeni habari za gesti na hoteli. Leo tunalala kwenye gari! Wala sisemi kule kusinzia ndani ya basi, shingo imepinda na mate yanamwagikia bega la jirani. Nasema kuvua viatu, kutandika shuka, kuvuta pazia na kuagana lala salama.

Wenzetu Wazungu wana magari ya kazi hiyo. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuweka vifaa vya kulalia ndani ya Kombi za Volkswagen tangu miaka ya 1950, na benchi la nyuma ukilikunjua linageuka kitanda. Sisi wa Bongo tuna Hiace, kile kipanya kilichotupakia kama dagaa miaka nenda rudi. Je, kipanya kinaweza kuwa chumba cha kulala? Jibu ni ndiyo, lakini shika futi kamba kwanza.

Mambo yalianza hivi. Juni 2023 tulikuwa na safari ya kwenda Njombe kumaliza msiba wa shangazi yangu mkubwa. Mdogo wake, ambaye ni shangazi yangu wa Dar, ilikuwa lazima afike. Mama huyo ana miaka sabini na ushee na nyonga zinamsumbua. Kumkalisha kwenye kiti cha basi kutwa nzima ni kumtesa, na gesti nyingi za njiani zina ngazi na vyoo vya kuchuchumaa. Mwanawe, yaani binamu yangu, ana Hiace iliyostaafu udaladala. Akasema, "Tung'oe viti, mama alale."

Poa. Sasa alale vipi? Na sisi wawili je?

HESABU ZA GODORO

Tulipima. Nyuma ya viti vya mbele kulikuwa na urefu wa kama mita 3. Upana, ukuta kwa ukuta, ulikuwa sentimita 150, na kutoka sakafuni hadi paa ni 130. Hapo ndipo hesabu za kidato cha nne zilipopata kazi.

Ukisema ulale kwa upana, miguu inakunjwa kama ya kuku wa kuchinjwa, labda uwe mfupi kupita kiasi. Kwa hiyo mnalala kwa urefu. Godoro la tano kwa sita lina upana wa sentimita 152, haliingii. La nne kwa sita linaingia, upana wake ni 122, ila hapo mnalala wote pamoja. Na hapo ndipo penye ishu, jamani. Mtu mzima na shangazi yake godoro moja? Hata kama ni safari, heshima haiachwi kituoni!

Fundi seremala alitaka kutupigia deka, kitanda juu ya kitanda kama bwenini. Tukamgomea. Ukigawa sentimita 130 mara mbili, wa juu atakuwa anabusu paa na wa chini atakuwa kama yuko kwenye sanduku. Mzee hawezi kupanda, na sisi hatukutaka kumlalia mama juu ya kichwa.

Tukaamua hivi. Kitanda kimoja cha tatu kwa sita upande wa pili wa mlango, cha kudumu, siyo cha kukunjakunja kila jioni. Hiki cha Shangazi. Inabaki nafasi ya karibu sentimita 60 sakafuni, tukaikatia sponji. Hiyo ya dereva, na katikati tukaning'iniza khanga. Mimi? Viti vya mbele, magoti yamekunjwa, miguu chini ya usukani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kunguni wangu aliitwa breki ya mkono.

Msinionee huruma. Mgao ulifuata akili. Mgonjwa kwanza, dereva wa pili, mpiga domo mwisho. Gari lilikuwa na mwenye leseni mmoja tu, na mbele yetu kulikuwa na mlima wa Kitonga. Dereva asipolala yeye, anaweza kuwalaza wote moja kwa moja!

Kitu kingine ni kimo. Fremu ya mbao ilikuwa sentimita 30, juu yake godoro la inchi 6, jumla 45. Shangazi akikaa anashusha miguu vizuri, kichwa hakigongi paa. Tungemwekea godoro la inchi 10 la kifahari angekula kona ya paa kila akiamka. Chini ya godoro tuliweka chaga zenye nafasi, siyo ubao mzima, maana jasho la usiku likikosa pa kupumulia godoro linaloa kwa chini na kunuka. Mabegi yote yakaingia uvunguni.

JOTO LA RUAHA MBUYUNI

Siku ya kwanza tulitoka Dar alfajiri, tukapita Morogoro, tukakatiza hifadhi ya Mikumi mwendo wa pole kwa heshima ya twiga na tembo. Ndani ya hifadhi hakuna kuegesha na kulala, hilo lieleweke. Jioni tukafika Ruaha Mbuyuni, karibu kilomita 400 kutoka Dar. Pale ni mibuyu, vitunguu barabarani, na malori yaliyopanga mstari kupumzika kabla ya kupanda Kitonga.

Tukaomba nafasi karibu na malori, penye taa na mlinzi. Binamu akalaza chupa ya maji sakafuni. Ikabingirika kuelekea mlango wa nyuma. Maana yake gari limeinamia nyuma, tukasogeza na kuweka jiwe mpaka chupa ikatulia. Ukilala kichwa kiko chini ya miguu, asubuhi kinagonga kama ngoma.

Joto la pale, acha tu! Vioo vyote tulifungua, lakini tulikuwa tumeshabana wavu wa mbu kwa nje, ukashikiliwa na sumaku. Shangazi alilala kama mtoto. Saa kumi na mbili asubuhi binamu aliamka macho meupe, akapanda Kitonga gia nzito, mkono mmoja haucheki na mtu. Kona zile unaona bonde liko chini yako na lori la mizigo liko mbele yako. Nikamwangalia dereva aliyelala saa nane, nikasema moyoni kumbe ile sponji ya chini ndiyo breki yetu.

BARIDI LA NJOMBE

Njombe ni kitu kingine. Mwezi wa sita baridi lake linaingia mpaka kwenye meno. Msibani nyumba ilijaa, watu wamelala kwenye mikeka hadi jikoni. Hiace ikapata cheo, ikawa chumba cha wazee! Mama mdogo wa Shangazi, bibi wa miaka themanini na kitu, akachukua nafasi ya dereva kwenye sponji. Sisi vijana tukahamia kwenye moto nje pamoja na wanaume wengine.

Usiku kijana mmoja akaja na jiko la mkaa, roho nzuri kabisa, akataka kuliingiza kwa wazee wapate joto. Binamu alisimama mlangoni, "Kaka, hapana, labda uniue mimi kwanza." Wakabishana kidogo. Lakini hapo hakuna mjadala, msomaji. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Tulichemsha maji, tukajaza kwenye chupa, tukazifunga kwa khanga na kuwapa wazifumbate miguuni. Blanketi moja likaenda chini ya mwili, siyo yote juu, maana baridi linapanda kutoka chini. Na vioo viwili viliachwa wazi upana wa kidole, ili pumzi zitoke.

Alfajiri nikagonga mlango. Ndani nikasikia kicheko. Wazee wawili walikuwa macho tangu saa tisa, wanasimuliana habari za marehemu alipokuwa binti, mambo ambayo ndani ya nyumba iliyojaa watu wasingeyasema. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, funga mlango, bado hatujamaliza." Nikaufunga.

Kwa hiyo mshikaji ukitaka kulala kwenye gari, usianze na rangi ya mapazia. Anza kuuliza nani anaumwa, nani anaendesha, na nani hawezi kulala karibu na nani. Ukishapata majibu, godoro litajichagua lenyewe. Na kama wewe ni mwandishi, zoea usukani!