Kanga za Mama Jikoni



Kaka yetu alipokaribia kuoa, tuliingia jikoni kwa marehemu mama tukaona haya. Pazia limeshika masizi, kabati halina mlango, na fedha zote zimekwenda kwenye mahari na walima.

Kwenye kasha la mama tulikuta doti 3 za kanga mpya, hata hazijakatwa. Sisi ni mafundi cherehani, mikono ikatuwasha. Dada mkubwa akatuzuia: "Hizo ni mirathi. Baba na kaka wana haki yao humo."

Tuliona aibu, kwani tulishashika mkasi. Tukawauliza wote, wakaridhia. Baba alisema, "Mama yenu angefurahi," akatoka nje.

Tulizifua kwanza, maana pamba ikiingia maji hupungua. Doti moja tukashona pazia la dirishani, mbali na jiko la gesi. Ya pili ikaziba kabati kwa lastiki. Ya tatu ikawa vitambaa vya meza na vishikio vya sufuria, ndani tukaweka taulo kuukuu. Tulinunua uzi na lastiki tu. Jina la kanga hatukulikata. Linasomeka chini ya pazia.

Wifi alipoingia akauliza, "Nani kanipambia?" Tukamjibu, "Mamamkwe wako." Akalishika pazia, akamwombea dua.

Bi harusi, kabla ya kwenda dukani fungua kasha la nyumbani. Ila uliza kwanza kilichomo ni cha nani. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Amin.