Dakika Kumi kwa Kila Saa

Baraza la Mitihani la Tanzania humwongezea mtahiniwa mwenye ulemavu wa kuona dakika 10 kwa kila saa ya mtihani, na katika Hisabati dakika 20. Mwenye uoni hafifu huchapiwa karatasi yenye maandishi makubwa, asiyeona kabisa hupewa ya nukta nundu. Dakika hizo zilinivusha kidato cha nne na cha sita, wala sikuziomba. Walimu walipeleka taarifa zangu wakati wa usajili, na siku ya mtihani nikakuta bahasha yangu imeshafika.

Chuo kina mambo yake. Mitihani hutungwa na kusimamiwa palepale, na hakuna mwalimu wa darasa aliyekufahamu tangu utotoni. Usipojitokeza ukasema, wewe ni namba ya usajili tu ndani ya ukumbi uliojaa.

Mimi nimezaliwa delta ya Rufiji, upande wa Mbwera. Macho yangu yana ugonjwa wa retina ambao miwani haiusaidii: kwanza yaliacha kuona jioni, kisha pembe zikaanza kufunga, nikabaki kuona kilicho mbele yangu moja kwa moja. Mchana natembea bila fimbo, na hapo ndipo watu hushindwa kuniamini. Nyumbani haikuwahi kuwa lazima niaminiwe. Kule, ndani ya zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, kila safari hupangwa na maji. Mkutano wa kijiji, mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mnunuzi wa kamba, wote husubiri maji yajae. Yakipwa, mzima na mlemavu hushuka pamoja kwenye matope, na mwenye nguvu humbeba asiyeweza. Sijawahi kusikia mtu akisemwa kwamba amependelewa kwa sababu boti ilimsubiri. Jua likizama, mjomba alinishika mkono kunishusha mtumbwini huku akiendelea na mazungumzo yake, wala hakugeuka kuniangalia.

Chuoni nilimfuata mhadhiri wa kwanza ofisini, nikamweleza hali yangu na kumwomba muda wa ziada. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Kijana wangu, nikikuongezea wewe, wenzako watasema nini?" Mhadhiri huyohuyo siku nyingine alinipa nauli ya kwenda kliniki ya macho, tena kwa moyo mweupe. Nililifikiria jambo hilo muda mrefu. Huruma alikuwa nayo tele, lakini muda wa mtihani haukuwa mali yake ya kutoa kama ilivyokuwa ile nauli.

Na huruma ina uzito wake kwa anayeipokea. Kila muhula walimu hubadilika, na kila aliyekuja ilinibidi nimsimulie upya habari za macho yangu, mara nyingine wenzangu wakiwa wamesimama mlangoni wanasikia. Ilinibidi nipendwe ili nisome. Nilijikuta natabasamu nisipopaswa kutabasamu, nanyamaza nilipodhulumiwa maksi, kwa kuogopa kumuudhi mtu ambaye kesho nitahitaji anichapie maswali kwa herufi kubwa. Haya ndiyo yaliyoniumiza kuliko macho yenyewe.

Aliyenifungua ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, asiyeona, aliyeniambia niache kwenda na maelezo, niende na barua. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotaka mwanafunzi mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake na kupata huduma anazohitaji. Niliandika ukurasa mmoja. Sikusema nateseka. Niliomba notisi kabla ya kipindi, maswali kwa herufi za saizi 18, muda wa ziada kwa kipimo kilekile cha Baraza, na mitihani ya jioni ihamishiwe asubuhi. Niliambatanisha cheti cha daktari, nikapeleka kwa mshauri wa wanafunzi na nakala kwa mkuu wa idara. Majibu yalichelewa, nikayafuatilia, yakaja. Yule mhadhiri aliposoma nakala yake alishusha pumzi. "Sasa nina cha kuwaonyesha," akasema. Karatasi ile ilimpa na yeye nafuu ambayo mimi sikuiwazia.

Baadaye nilisoma habari za Ed Roberts, kijana wa Marekani aliyepooza kwa polio, aliyeingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1962. Usiku alihitaji mashine kubwa ya kumpumulisha, bweni likakosekana, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wengine wenye ulemavu wakamfuata palepale, wakaanza kudai pamoja, na mwaka 1970 ikazaliwa programu ya wanafunzi wenye ulemavu iliyoendeshwa na wao wenyewe. Nilimwelewa sana. Yule wa mwaka wa tatu naye hakunipa pole. Alinipa barua yake niitazame ilivyoandikwa.

Sasa nafundisha Kibiti, na vijana hunijia na fomu za mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo huwapa waombaji wenye ulemavu kipaumbele, ila inataka ulemavu uthibitishwe kwa saini na muhuri wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Ni haki watake uthibitisho. Lakini kwa kijana wa Kiongoroni au Msala, muhuri huo ni kungoja maji, boti hadi Nyamisati, kisha gari au bodaboda hadi Kibiti mjini. Na mganga akiwa ameitwa kikao Kibaha, ni kulala. Gharama yake ni mpunga unaouzwa kabla ya bei kupanda. Mmoja wao alipoteza karatasi zote za kliniki katika mafuriko ya 2024, akaanza upya kuthibitisha mguu ambao kijiji kizima kimeuona tangu azaliwe. Dirisha la maombi halijui maji mafu wala bamvua.

Wahudumu wa afya tayari huenda visiwani na masanduku ya chanjo. Mganga, au atakayemteua, anaweza kufika Nyamisati au Mbwera mara moja kabla dirisha halijafunguliwa, akawapima na kuwasainia vijana wote kwa siku moja. Nimeliandika ombi hilo kwa halmashauri pamoja na wazazi wa wanaomaliza kidato cha sita, na tumetaja vijiji, mwezi na boti ya kutumia.