Nyanya Ziingie Chupani, Majani Yaende Friza

Mwanangu mpenzi,

Picha za bustani nimezipata, na kila aliyepita sebuleni kwangu wiki hii nimemwonyesha. Bamia zimejaa, majani ya maboga yametambaa mpaka kwa jirani, na nyanya ndizo usiseme. Umejitahidi, na Mungu akuzidishie nguvu ya mikono.

Kilichonifanya niandike upesi ni lile neno lako la mwisho, kwamba Jumamosi utachemsha chupa na kujaza kila kitu, nyanya, bamia na majani, vyote kwa njia ile ile uliyomwona jirani akifanya na nyanya zake. Nakuomba, mwanangu, usifanye hivyo. Nyanya tia. Bamia na majani usitie kabisa.

Udongoni wanaishi bakteria waitwao Clostridium botulinum. Wao wenyewe hufa wakichemshwa, lakini mbegu zao haziuawi na maji yanayotokota, hata ukiyaacha jikoni saa nzima. Ukizifungia ndani ya chupa isiyo na hewa, yenye unyevu na isiyo na uchachu, ukaiweka kabatini, mbegu hizo huamka na kutoa sumu inayopooza misuli, kuanzia macho na ulimi mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi. Na chakula chaweza kuwa na sumu hiyo bila kunuka wala kubadilika rangi. Hapo Lancaster, mwendo usiofika saa moja kutoka kwako Columbus, Ohio, mwezi wa Aprili 2015 watu walikula pamoja kanisani. Kulikuwa na saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwenye chupa, na chupa zile zilichemshwa kwa maji tu badala ya sufuria la presha. Watu 29 waliugua, mmoja akafariki. Sina shaka aliyeipeleka saladi ile aliipeleka kwa moyo mweupe, kama wewe unavyotaka kuwagawia watu wa kwetu bamia zako.

Uchachu ndio unaozizuia mbegu zile. Wataalamu huupima kwa pH, na mpaka wao ni 4.6. Chakula kilicho chini ya hapo ni kichachu vya kutosha, maji ya kuchemka yanakitosha. Kilicho juu ya hapo kinataka sufuria la presha la kuhifadhia, linalofikisha joto nyuzi 116, na wewe huna. Bamia, majani, kunde, mahindi na viazi vyote viko juu. Nyanya zimesimama mpakani penyewe, ndiyo maana lazima uziongezee limau.

Basi tuanze na nyanya. Chagua zilizoiva bado ngumu, zisizo na doa. Zitumbukize kwenye maji yanayotokota nusu dakika mpaka dakika moja. Ganda likipasuka zihamishie kwenye maji baridi, nalo litavuka lenyewe vidoleni. Kata kila moja vipande vinne. Weka vichache kwanza sufuriani, uviponde kwa mwiko moto ukiwa mkali, kisha ongeza vingine kidogo kidogo huku ukikoroga. Usiache vipande vimekaa kwenye bakuli muda mrefu bila moto, utakuja kukuta maji yamejitenga na nyama ndani ya chupa. Vyote vikishatokota, vipe dakika tano.

Katika kila chupa safi iliyo moto tangulia na limau: kijiko kimoja cha mezani kwa chupa ya painti, viwili kwa ile ya kwati. Na liwe limau la chupa, la dukani. Najua kwetu ndimu hukamuliwa mbichi juu ya kila kitu, lakini uchachu wa tunda moja si wa lingine, na huo wa dukani umepimwa. Jaza nyanya, acha nusu inchi juu, pitisha kijiti cha plastiki pembeni kutoa mapovu, halafu pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi. Hapo kwenye mdomo usifanye haraka. Mbegu moja ya nyanya ikibaki chini ya kifuniko, chupa haishiki. Kile kifuniko cha bati ni cha mara moja tu. Pete yake ndiyo unayoitumia tena, na uikaze kwa ncha za vidole, hewa ipate pa kutokea.

Chupa zikae juu ya kitako cha waya ndani ya sufuria refu, maji yazipite vifuniko kwa inchi moja. Hesabu tangu maji yatokote kwelikweli: dakika 35 kwa painti, 45 kwa kwati. Hizo ni dakika za Columbus, kwa sababu mji wenu uko chini ya futi 1,000. Mama yako ameniuliza kama anaweza kufanya hivi Lushoto, msimu ule nyanya zinapokosa bei. Anaweza, lakini Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na maji huko hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yeye aongeze dakika kumi kwa kila chupa. Mwambie.

Na usije ukaingiza vitunguu, hoho, karoti na mafuta ili upate mchuzi uliokwisha kupikwa. Vitu hivyo hupunguza uchachu, na hesabu yote niliyokupa inaharibika. Nyanya ziwe nyanya tupu. Siku ya kupika utakaanga kitunguu chako, kitakuwa kibichi na kitanukia vizuri zaidi.

Bamia na majani vina nafasi yao kwenye friza. Majani ya maboga yamenye nyuzi kama bibi yako anavyofanya, yaoshe mpaka maji yasiache mchanga, uyatumbukize kwenye maji mengi yanayotokota kwa dakika mbili, kisha kwenye maji ya barafu kwa muda huo huo. Usiiruke hatua hii. Bila moto ule wa dakika mbili, vimeng'enya vya jani huendelea na kazi hata kwenye baridi, na ikifika Januari utatoa majani ya kijivu yasiyo na ladha. Kamua, tia kwenye mifuko, bapa, toa hewa. Bamia ndogo zipe dakika tatu, na unapokata kikonyo usifikie chumba cha mbegu, ule utelezi utabaki ndani.

Kukausha juani kama mlenda wa Dodoma nisingekushauri. Kule jua ni kali na hewa ni kavu. Agosti ya Ohio ina unyevu mwingi, mboga itaota ukungu kabla haijakauka.

Halafu jalidi ya Oktoba isikukute. Chuma nyanya zote kabla yake, hata za kijani, maana zilizobaki kwenye shina lililouawa na jalidi hupungua uchachu na hazifai chupa.

Jumamosi ukishatoa chupa, zikae juu ya taulo mpaka kesho yake bila kuguswa. Bonyeza kifuniko katikati: kikicheza, hakikushika, chupa hiyo itie kwenye friji. Hizo msizimalize, nitafika Jumapili jioni tuzipike.

Shangazi yako