Baba Mzanaki, mama Mjaluo, mimi je?

Siku hizi nasoma kitabu kinaitwa Borderlands/La Frontera. Kakiandika mama mmoja, Gloria Anzaldúa, mzaliwa wa kusini mwa Texas, na kilitoka mwaka 1987. Huyu mama ni Chicana, yaani Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Habari yao kwa kifupi ni hii: mwaka 1848, baada ya kushindwa vita, Meksiko iliiachia Marekani karibu nusu ya ardhi yake. Watu wengi wa huko hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Tangu hapo wajukuu zao wakiwa Marekani wanaitwa Wameksiko, wakienda Meksiko wanaitwa Wamarekani, na Kihispania chao kinachekwa. Anzaldúa akaamua kuandika kama watu wa kwao wanavyoongea: sentensi hii Kiingereza, ile Kihispania, na mara nyingi hakutafsirii.

Nimekisoma huku nacheka peke yangu. Nikadhani mama huyu anasimulia Mara.

Maana na sisi tuna mstari wetu. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kugawana nchi kwa mstari kutoka pwani hadi ziwani, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Wakurya wakakatwa vipande viwili, Wajaluo vivyo hivyo. Lakini mpaka ulionisumbua mimi hauko kwenye ramani, uko nyumbani.

Baba yangu ni Mzanaki wa Butiama. Mama ni Mjaluo, na bibi mzaa mama anaishi Musoma. Mimi nimekulia Bunda, mji wa njia panda, ambako sokoni utakutana na Mjita, Mwikizu, Msukuma na Mkurya kabla hujanunua nyanya. Nikiulizwa kabila nasema Mzanaki. Anayeuliza akifurahi na kunisemesha Kizanaki, nakwama kwenye salamu. Nikisema basi mama yangu ni Mjaluo, naambiwa kabila ni la baba. Nikienda Butiama shangazi zangu wananiita mtoto wa Mjaluo. Nikishuka Musoma, majirani wa bibi wanasema yule Mzanaki kaja. Zamani Wazanaki walichonga meno ya juu, Wajaluo waling'oa ya chini. Mimi ninayo yote 32, sijui nimwoneshe nani.

Neno chotara tunalo, lakini kwa kawaida tunampa mtu aliyechanganya rangi. Aliyechanganya makabila tu hana jina.

Msinielewe vibaya, silii ukabila. Sensa yetu iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, na mimi naona ilikuwa busara kuacha. Marekani, kinyume chake, kuanzia sensa ya 1980 inamuuliza kila mtu kama ana asili ya Kihispania. Kutoulizwa kumetupa amani ambayo majirani zetu wengi wanaitamani. Lakini kutoulizwa si sawa na kupata jibu.

Jibu langu la haraka huwa ni Kiswahili. Wazazi wangu walitongozana kwa Kiswahili, wasingekuwa nacho nisingekuwepo! Hata Mwalimu Nyerere alijifunza Kiswahili shuleni Mwisenge, Musoma, alikoanza mwaka 1934 akiwa na miaka 12 na Kizanaki chake. Baadaye akamfanya Shakespeare aongee Kiswahili katika Juliasi Kaizari. Watu husahau kwamba mwaka 1955, alipoacha ualimu Pugu, alirudi Musoma akawafundisha Kizanaki wamisionari wa Maryknoll. Kwa hiyo lugha ya taifa haikumzuia kuithamini ya kwao.

Sasa mfikirie Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa ambacho ukitoka Bunda unakifikia kwa njia ya Kisorya. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ilichapwa mwaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata akafariki. Kiswahili kiliiokoa, lakini kwa sharti kwamba kwanza iache lugha iliyoizaa. Sisi chotara wa makabila tumelipa bei hiyo hiyo. Tumepata nchi nzima ya kuongea nayo, tumepoteza bibi.

Bibi yangu ana mtindo wake. Asubuhi namwamkia "oyawore", anafurahi, ananiita nyakwara, mjukuu wangu. Halafu anaanza hadithi kwa Kiswahili, inanoga anahamia Kijaluo, na bei za samaki anazitaja kwa Kijita, kama alivyozoea na wateja wake. Nikiandika hivyo gazetini mhariri atapiga mstari mwekundu, na shuleni ningepata sifuri. Lakini ndiyo lugha kamili ya mtu aliyeishi Musoma. Anzaldúa angeielewa mara moja, ingawa asingejua hata neno moja.

Bibi umri umekwenda na maneno yameanza kumponyoka. Kwa hiyo nimenunua daftari. Naandika anavyosema, kwa lugha zote tatu, bila kunyoosha kitu. Nisiyoyaelewa mama ananieleza jioni kwa simu, nayaandika pembeni.

Wewe msomaji mwenye baba wa huku na mama wa kule, ukiulizwa kabila unajibu nini? Na hadithi za bibi yako zimeandikwa wapi?